Kabichi Si Mahindi: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Serikali Kununua Mazao Mabichi ya Msaada wa Chakula

Barua za safari hii zimetoka pande zote mbili za meza: wanaonunua kwa fedha za umma na wanaouza. Tumeanza na malalamiko yaliyojirudia zaidi.

SWALI: Idara yetu ilitangaza zabuni ya nyanya na kabichi kwa kaya zinazopata msaada wa chakula. Aliyeshinda alileta sampuli nzuri na bei ya chini. Mzigo wa kwanza haukuwa na neno. Wa tatu, nusu yake ilikuwa maji. Tukimuuliza, anatuonyesha mkataba: unadai "nyanya safi, zenye ubora mzuri", naye anasema zilitoka kwake zikiwa safi. Tumbane wapi? (Afisa ununuzi)

JIBU: Kwa mkataba huo, ndugu yetu, hamna pa kumbana. Maneno "safi, zenye ubora mzuri" kwa kawaida hunakiliwa kutoka zabuni ya mahindi, likabadilishwa jina la zao tu. Mahindi yaliyokauka vizuri yatakuwa yale yale baada ya miezi mitatu. Nyanya ya leo si nyanya ya keshokutwa. Sampuli ya siku ya kufungua zabuni inaonyesha kitu kimoja tu: mzabuni anajua soko lilipo.

Andikeni vipimo upya, zao kwa zao. Kwa nyanya anzeni na hatua ya kuiva. Wakaguzi wa Marekani hugawa rangi ya nyanya katika hatua sita: kijani; iliyoanza kugusa rangi (isiyozidi asilimia 10 ya ngozi); inayogeuka (asilimia 10 hadi 30); ya waridi (30 hadi 60); nyekundu hafifu (60 hadi 90); na nyekundu kamili. Mpango huo unatumika popote, maana ni macho tu na kadi ya rangi. Nyanya itakayofika kwa mlaji kesho au keshokutwa ipokeeni ikiwa nyekundu hafifu. Itakayosafiri siku nzima kisha ilale ghalani siku tatu, ipokeeni ikiwa inageuka au ya waridi. Mgavi asipobanwa hapa atanunua nyekundu kamili, kwa kuwa jioni sokoni ndiyo inayouzwa kwa bei ya kutupa, na asubuhi kwenye meza yenu ya mapokezi ndiyo inayopendeza kuliko zote. Kesho yake ndiyo hayo maji.

Kabichi ina mtego wa kinyume. Wanunuzi wengi hudai iliyomenywa ikawa nyeupe, "safi". Yale majani mawili matatu ya nje ndiyo koti lake: huzuia michubuko na kukauka. Andikeni kilo 1 hadi 2 kwa kichwa, kigumu ukikibonyeza, kikonyo kimekatwa karibu na jani la mwisho, majani 2 hadi 4 ya nje yameachwa.

Kisha wekeni saa. Ushauri wetu ni saa 24 tangu kuvunwa hadi kupokelewa kwa mboga za majani, 48 kwa nyanya, 72 kwa kabichi, na kila kreti iwe na kibandiko cha shamba, tarehe na saa ya mavuno. Kreti ziwe ngumu, zenye matundu, zijae hadi chini kidogo ya ukingo. Magunia ya lumbesa myakatae kwenye nyaraka kabla hamjayakataa langoni: nyanya au hoho za chini ya gunia hufika zimeshapondwa, na uzito wake mtakuwa mmeshaulipia.

La mwisho ni kiasi cha kasoro mtakachovumilia. Viwango vya UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya, kwa daraja la kwanza huruhusu hadi asilimia 10 ya mazao kutokidhi sifa za daraja hilo, na ndani ya hiyo 10, yaliyooza au yasiyofikia hata daraja la pili yasizidi asilimia 1. Sampuli ichukuliwe kwa idadi iliyoandikwa, si kwa jicho la mkaguzi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 874, cha kuchukua sampuli za matunda na mboga, kinataka vifungashio 5 kwa mzigo usiozidi 100, 7 kwa 101 hadi 300, 9 kwa 301 hadi 500, 10 kwa 501 hadi 1,000, na visivyopungua 15 ukizidi hapo. Kwa hiyo kreti 600 zenye kilo 18 kila moja mnafungua 10, mnapata kilo 180 mezani. Zenye kasoro zikizidi kilo 18, au zilizooza zikizidi kilo 1.8, mzigo umeanguka. Chagueni kreti hizo wenyewe, kutoka nyuma, katikati na mbele ya lori, na mzimwage zote mezani hadi chini. Kupanga nzuri juu ya mbovu ni ufundi wa zamani kuliko sheria zote za ununuzi.

Na bei ya chini isiwe kigezo pekee. Mwaka 2020 Marekani iliendesha mpango wa kugawa makasha ya vyakula vya wakulima kwa familia wakati wa janga la korona, na baadhi ya kampuni zilizopewa mikataba hazikuwahi kufanya biashara ya mazao mabichi, lawama hazikukawia. Ulizeni mzabuni chumba cha ubaridi kiko wapi, kina ukubwa gani, lori ni lake au la kukodi, na mwaka uliopita alimpelekea nani mboga. Halafu nendeni mkakione hicho chumba.

SWALI: Lori la ubaridi lilifika kioo chake cha joto kikionyesha nyuzi 4. Kabichi tulizikuta zina joto ndani, majani yameanza kuwa ya njano, na nyanya zilizokuwa humo humo hazikuiva tena, zikawa na madoa. Dereva anaapa hakuzima mashine. Je, anatudanganya? (Msimamizi wa ghala)

JIBU: Inawezekana kabisa anasema kweli. Kioo kinaonyesha joto la hewa ndani ya boksi la lori, si joto la kabichi. Na mashine ya lori imetengenezwa kutunza ubaridi uliopo. Haina nguvu ya kupoza tani kadhaa za mboga zilizotoka shambani mchana zikiwa na nyuzi 28. Kabichi inapumua baada ya kukatwa, na kupumua huko hutoa joto. Ikipangwa imebanana bila njia ya hewa, ya katikati inajipikia yenyewe huku kioo kikisoma 4 safari nzima. Kwa mazao mengi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha uharibifu mara mbili hadi tatu.

Dawa yake ni kupoza kabla ya kupakia, na lazima iwe kwenye mkataba. Kreti zipangwe mbele ya feni inayovuta hewa baridi ipite kati ya matundu yake, mpaka kipimajoto kilichochomwa katikati ya kichwa cha kabichi kisome chini ya nyuzi 5. Kreti zikiwekwa tu katika chumba cha ubaridi bila hewa kusukumwa, kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na mgavi mwenye haraka hataingoja. Lori lenyewe lipozwe likiwa tupu. Ndani yake iachwe nafasi chini ya paa, na kreti zisigusane na milango wala kuta.

Langoni msisome kioo. Chomeni kipimajoto chenye sindano ndani ya zao, si kati ya mazao, mahali pasipopungua sita: juu na chini, penye mlango, katikati na mbele kabisa. Kabla ya hapo kitumbukizeni katika barafu iliyosagwa na maji kidogo; kisiposoma sifuri, au karibu nayo kwa tofauti isiyozidi nusu nyuzi, kiwekeni pembeni. Ombeni pia kirekodi joto kidogo kinachosafiri ndani ya mzigo. Hicho ndicho kitakachowaambia kama mashine ilizimwa saa 8 usiku kuokoa mafuta, na dereva atapumzika kuapa.

Nyanya hazikuonewa na joto, zilionewa na baridi. Nyanya ambayo haijaiva, ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10, hupoteza uwezo wa kuiva vizuri. Inabaki na rangi ya mabaka, bila ladha, na ukiitoa nje inaoza haraka. Inataka nyuzi 12 hadi 15. Ndizi hazitaki kushuka chini ya 13, ngozi inageuka kijivu. Viazi vitamu 13 hadi 15. Matango 10 hadi 12. Upande mwingine kuna kabichi, karoti na mboga za majani: hizi zinataka karibu na sifuri na unyevu wa asilimia 95 au zaidi. Vitunguu maji hutaka ukavu, unyevu wa asilimia 65 hadi 70 tu, kwa hiyo ukiviweka na kabichi vinachipua na kuota ukungu.

Kuna na gesi. Ndizi, maembe, parachichi, matufaha na nyanya zinazoiva hutoa ethilini, gesi inayoivisha. Kabichi ikiivuta inageuka njano na kudondosha majani, karoti inakuwa chungu, mchicha unazeeka. Njano mliyoiona imetokana na joto na nyanya kwa pamoja. Oda moja yenye kabichi na nyanya iandikieni malori mawili, au lori lenye vyumba viwili. Ni ghali zaidi kwenye karatasi tu.

SWALI: Ushirika wetu una wakulima 60 wa mboga. Kila mwaka zabuni zinamwendea mfanyabiashara mmoja, ambaye hununua kwetu sisi wenyewe. Tunakosea nini? (Katibu wa ushirika)

JIBU: Kosa lenu ni dogo, kubwa liko kwenye namna zabuni inavyokatwa. Fungu likiwa la tani 200 za mazao manane kwa mikoa yote, ni mwenye mtaji na malori pekee atakayelimudu. Likikatwa kwa zao na kwa kituo cha ugawaji, mfano tani 2 za karoti kila wiki kwa wiki 12 katika kituo kimoja, wakulima 60 wanaweza. Andikeni barua kudai hilo kabla tangazo halijatoka, wakati idara ikikusanya maoni ya soko. Likishatoka, mmechelewa.

Mfano wa kuwaonyesha ni Brazili. Sheria Na. 11.947 ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shuleni zinunue mazao ya wakulima wa familia, na ikaruhusu mazao hayo yanunuliwe kwa tangazo maalum la wazi badala ya zabuni ya kushindanisha bei, ilimradi bei ilingane na ya soko.

Malipo ndiyo yanayowaua wadogo. Mfanyabiashara anaweza kungoja siku 90, mkulima hawezi; ataanza kuuza pembeni wiki ya tatu. Sheria ya Marekani ya malipo ya serikali kwa wakati hutaka mazao ya kilimo yanayoharibika haraka yalipwe ndani ya siku 10 tangu kufikishwa. Ombeni kifungu cha namna hiyo, na ninyi mpeleke ankara siku ile ile pamoja na hati ya mapokezi iliyosainiwa. Ankara nyingi hukwama kwa sababu kilo zilizoandikwa juu yake hazilingani na za hati ya mapokezi: ushirika umeandika kilo zilizopakiwa shambani, ghala limeandika zilizopimwa langoni. Tumieni za langoni daima.

Sasa kosa lenu. Vyama vingi hutaja kiasi kinachovunwa kwenye wiki bora ya msimu. Taja kile mnachokipata wiki mbaya, ukishaondoa kinachochujwa kwa ukubwa na kasoro. Karoti tani 3 shambani zinaweza kutoa tani 2 za daraja la kwanza. Mkiahidi 3 mtalipa faini wiki ya kwanza, na sifa ya kushindwa haifutiki kirahisi.

Bei moja ya msimu mzima nayo msiikubali kwa zao kama nyanya. Ikipanda sokoni mara mbili, wanachama wataukimbia mkataba. Ikishuka nusu, idara itapunguza oda kimyakimya. Pendekezeni kanuni: wastani wa bei ya jumla kwa siku 7 zilizopita, katika soko lililotajwa kwenye mkataba, ukijumlisha ada isiyobadilika ya kuchambua, kufungasha, kupoza na kusafirisha. Ushindani wa zabuni uwe kwenye hiyo ada. Wakaguzi wa hesabu huipenda kanuni hii kwa sababu inafuatilika.

SWALI: Tunapewa bajeti ya "kasha la mboga na matunda" kwa kaya 2,000 kila wiki. Kasha liwe na kilo ngapi? Kila mtu ana namba yake. (Mratibu wa ugawaji)

JIBU: Anza na mlaji. WHO na FAO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula, wanashauri gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu kwa siku, bila kuhesabu viazi, mihogo na jamii yake. Kaya ya watu watano ni kilo 2 kwa siku, 14 kwa wiki, za sehemu inayolika. Tuseme mpango unalenga nusu: kilo 7.

Kinacholika si kinachonunuliwa. Kwa makadirio ya kawaida, kabichi hulika asilimia 80, karoti 85, nyanya 90, vitunguu 90, machungwa 70. Kabichi kilo 2.5, karoti 1.5, nyanya 1.5, vitunguu 0.3 na machungwa 3 zinafanya kilo 8.8 za kununua, na ndani yake zinalika takriban 7. Ongeza upotevu wa kati ya ghala na mlango wa kaya, tuseme asilimia 5: 8.8 gawanya kwa 0.95, unapata kilo 9.3 kwa kasha. Kaya 2,000 ni tani 18 na nusu kwa wiki.

Gawanya, usizidishe. Ndizi hulika kama asilimia 65. Aliyetaka kilo 1 inayolika akaongeza asilimia 35 ananunua kilo 1.35, ambazo zinatoa gramu 880. Alipaswa kununua 1.54. Kwa kaya 2,000 pengo hilo ni kilo 380 kila wiki, na ugomvi wake utatokea kwenye foleni ya mwisho.

Tani 18 na nusu zinaenea katika lori moja kubwa la ubaridi, lakini umesoma jibu la juu: nyanya zako, kilo 3,160 hivi, zinasafiri kivyake na kuingia kwenye kasha siku ya kugawa. Pangeni kabichi na machungwa chini, karoti na vitunguu juu yake, nyanya mwisho. Fungasheni mahali penye ubaridi au alfajiri. Kabichi baridi ikitolewa kwenye joto inatoka jasho, katoni inalainika, na kasha la chini ya rundo linabomoka kabla halijafika. Na kilo 9 hizo zitabebwa na bibi wa miaka 70, kwa hiyo tobo la kushikia si pambo.

SWALI: Mzigo ukikataliwa, unakuwa wa nani? (Mpokeaji)

JIBU: Wa mgavi, ilimradi mmeukataa kwa maandishi ndani ya muda wa mkataba. Muda huo uwe mfupi, saa 2 baada ya kushusha, kwa sababu kila saa inayopita inampa sababu ya kusema mboga zimeharibikia kwenu. Fomu iwe na namba za kreti, kilo za kasoro, joto lililosomwa, picha, na saini ya pande zote mbili. Njia ziwe tatu tu: kukataa wote, kuchambua papo hapo kwa gharama yake, au kupokea kwa punguzo lililokwisha kuandikwa, maana punguzo la kupatana langoni ni mlango wa rushwa. Kreti zilizokataliwa zipigeni rangi. Bila alama, zinarudi jioni katika lori lingine, zimepangwa upya.

Mizani isomwe kwa uzito bila kifungashio. Kreti tupu ya kilo 1.8 mara 1,000 ni kilo 1,800 za plastiki.

SWALI: Serikali inunue ziada ya wakulima bei ikianguka, iwape wenye njaa. Kwa nini haifanyiki kila mahali? (Msomaji)

JIBU: Marekani hufanya hivyo tangu sheria ya mwaka 1935, ambayo kifungu chake cha 32 hutenga kiasi sawa na asilimia 30 ya mapato ya ushuru wa forodha, na sehemu ya fedha hizo hununua ziada kwa ajili ya shule na benki za chakula. Ugumu ni kwamba ziada haingoji taratibu. Nyanya zikifurika shambani zina wiki moja. Tangazo, tathmini na saini huchukua nane. Inawezekana pale tu wagavi wameshasajiliwa na kukaguliwa mapema, vipimo viko tayari, na kinachobaki ni kutuma oda na kupokea bei ndani ya siku mbili. Hata hivyo kaya zinaweza kuishia na kabichi wiki nne mfululizo. Ziada iwe nyongeza ya kasha, isiwe kasha lenyewe.

SWALI: Mboga zioshwe kabla ya kugawa? (Msimamizi wa kituo)

JIBU: Kwa kawaida hapana, mwacheni mlaji aoshe. Mboga iliyooshwa ikafungwa bila kukaushwa inaoza upesi, na maji ya pipa moja husambaza uchafu wa nyanya moja kwa mia. Mkilazimika, kwa sababu zimekuja na matope, maji yawe ya kunywa, yenye klorini ya miligramu 100 hadi 150 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6.5 na 7.5, na yabadilishwe yakianza kuchafuka kwa kuwa udongo huimaliza klorini. Nyanya zina sharti la ziada: maji yawe na joto linaloizidi nyanya yenyewe kwa nyuzi 5 hivi. Nyanya yenye joto ikitumbukizwa katika maji baridi, hewa iliyo ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na vijidudu vilivyomo, na hapo hakuna kuosha tena kutakakovitoa. Kausheni kwa feni kabla ya kufungasha.